Muulize Mhandisi: Nimechoka na lami, nataka maji

SWALI: Mama Mhandisi, shikamoo. Nina miaka 38, nimesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mtaalamu wa ujenzi. Miaka 13 nimekula vumbi la barabara: kushindilia kifusi, kupima CBR (uimara wa udongo wa barabara), kuvutana na wakandarasi juu ya unene wa lami. Sasa nataka kuhamia miradi ya maji. Wenzangu wanasema usajili wangu hautanifaa kitu huko, nitaanza upya kama kijana wa mafunzo. Ni kweli? – M., Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hao wenzako waache. Ulisajiliwa kwenye ujenzi, hukusajiliwa kwenye lami. Ile miaka ya mafunzo ya vitendo hairudiwi. Kinachokubana ni maadili ya kazi: usisaini usanifu usioumudu. Na hapo ndipo mimi nilipoumbuka.

Nilihamia maji nikiwa na miaka 41, nikitokea kwenye madaraja. Mradi wangu wa kwanza ulikuwa wa mserereko, milimani kusini. Tangi juu, bomba linashuka bondeni, linapanda tena hadi kijijini. Nilipiga hesabu za presha maji yakiwa yanatembea; msuguano ukipunguza, bomba la PN10, yaani la kuhimili presha ya bar 10, likaonekana linatosha kabisa. Siku ya kwanza kina mama walichota, tukapiga picha. Saa nane usiku simu ikaita: bonde zima limelowa. Bilula zilikuwa zimefungwa, maji yamesimama, na tangi liko mita 150 juu ya bonde. Hizo ni kama bar 15 kwenye bomba la bar 10. Fundi bomba, mzee asiye na cheti hata kimoja, alinitazama akasema, “Mama, maji yakilala ndiyo yanakuwa mazito.” Tukajenga tangi dogo la kukata presha katikati ya mteremko. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angelijua hilo. Mimi nilikuwa nimelisahau.

Kwa hiyo usiombe kiti cha usanifu mwanzoni. Omba usimamizi wa ujenzi chini ya mhandisi wa maji aliyebobea. Kulaza bomba ni kuchimba mtaro, kufukia, kushindilia, kusoma mikataba na kupima kazi iliyofanyika. Hayo yote unayo tayari, pengine kumzidi yeye. Usiku chezea EPANET, ni programu ya bure ya kompyuta ya kupigia hesabu za mabomba ya maji. Chukua kijiji unachokijua, kichore, kisha funga bilula zote uone kinachotokea.

Mshahara hukuuliza, ila nitakuambia. Mimi wangu ulishuka kwa mwaka mmoja na nusu, na gari la ofisi likaenda. Nilikuwa napanda bodaboda na michoro mgongoni, na mume wangu mpaka leo hajaacha kunitania.