Wasomaji Wauliza: Picha za Mawindo Ziwekwe Wapi?

Barua za mwezi huu zimetoka Mtwara na Lindi, na karibu zote zinagusa jambo moja: picha za wanyama waliowindwa. Tumezijibu kwa kadiri ya uzito wake, nyingine kwa kirefu na nyingine kwa mistari michache.

Wahariri, salaam. Kikundi chetu cha wapigapicha wa ridhaa kinaandaa maonesho ya wanyamapori wa Kusini. Mwenzetu ameleta picha ya mwindaji mgeni akiwa na nyati aliyemwangusha kwenye kitalu kimoja cha uwindaji wilayani Liwale. Uwindaji ni wa halali na vibali vyote vipo. Nusu yetu tunataka picha itolewe. Nusu wanauliza, mbona ile ya simba anayemrarua pundamilia imepokelewa? Damu si ni ileile? Tuamueni. (Mtwara Mjini)

Damu ni ileile, ila si damu inayopaswa kuangaliwa. Angalieni maonesho yenu yanamwahidi nini mtazamaji.

Mashirikisho makubwa ya upigaji picha, yaani FIAP la kimataifa, PSA la Marekani na RPS la Uingereza, yanatumia tafsiri moja ya picha za asili na za wanyamapori. Kwa ufupi inasema hivi: mnyamapori awe huru, hajafungwa wala kuzuiwa, na awe katika makazi yake. Binadamu na vitu vyake visionekane, isipokuwa pale vinapokuwa sehemu ya maisha ya kiumbe huyo, kama bundi anayetaga ghalani. Mkanda wa utafiti shingoni mwa mnyama unakubalika. Mnyama aliyekaushwa na kujazwa pamba haruhusiwi. Simba na pundamilia wake wanapita hapo bila shida, kwa sababu kuwinda ndiyo maisha ya simba. Nyati wa Liwale hapiti. Amepigwa risasi, amelazwa, na pembeni yake kuna mtu na bunduki. Iwe picha nzuri kiasi gani, si picha ya asili.

Lakini kutopita katika kitengo hicho si sababu ya kuitupa. Anzisheni kitengo cha pili, kiitwe "Watu na Wanyamapori" au jina lolote linaloeleweka, na humo ziingie picha za mawindo, za askari wa wanyamapori, za tembo waliovamia mashamba ya mihogo Nachingwea, za bucha za nyamapori. Mwaka 2017 tuzo kuu ya mashindano ya picha ya Wildlife Photographer of the Year ilikwenda kwa Brent Stirton, kwa picha ya faru mweusi aliyeuawa na majangili na kukatwa pembe katika hifadhi ya Hluhluwe-Imfolozi, Afrika Kusini. Ni mzoga mtupu, na ni picha inayouma kuitazama. Iliingia kama habari na ikapimwa kama habari. Mashindano hayohayo, mwezi Aprili 2018, yaliiondoa picha ya mlamchwa iliyokuwa imeshinda, baada ya wataalamu kuona kwamba mnyama yule alikuwa wa kujazwa. Hakukuwa na hata tone la damu. Kosa lilikuwa kumwonesha mfu kama aliye hai.

Kuna sababu ya pili ya kutoichanganya picha ile na nyingine, na hii inatuhusu watu wa Kusini hasa. Pori la Akiba la Selous liliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2014 likawekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini kwa sababu ya ujangili, tembo wake wakiwa wamepungua kwa takriban asilimia 90 tangu lilipoorodheshwa. Mtu wa Lindi aliyeyashuhudia hayo akiona mzungu, bunduki na mnyama aliyelala, hana namna ya kujua kama anatazama leseni au wizi. Picha peke yake haimwambii. Maelezo yaliyo chini ya picha ndiyo yanayomwambia, kwa hiyo yaandikwe kikamilifu: jina la mnyama, mwezi na mwaka, aina ya uwindaji (wa kitalii, wa wenyeji, au wa kudhibiti wanyama waharibifu), na aina ya eneo.

Hapo kwenye eneo wengi huteleza. Sehemu kubwa ya Selous ya zamani iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji. Vitalu vya uwindaji viko katika sehemu iliyobaki kuwa pori la akiba, na katika baadhi ya maeneo mengine yaliyo nje ya hifadhi. Mkiandika "Nyerere" chini ya nyati huyo, mmemtangaza mwindaji aliye pichani kuwa jangili mbele ya mji mzima.

Wale wanaotaka itolewe nao tusiwapuuze. Simba Cecil alipouawa nje kidogo ya Hifadhi ya Hwange, Zimbabwe, Julai 2015, hasira za watu zilichochewa pia na picha za mwindaji akitabasamu juu ya mnyama. Na baadhi ya picha zilizozungushwa siku zile zilikuwa za mawindo yake ya zamani, simba mwingine kabisa, kwa sababu hakuna aliyejali maelezo. Itundikeni picha ya nyati kwenye ukuta wa ndani, si mlangoni, na wekeni tangazo mahali pa kuingilia ili mzazi mwenye mtoto mdogo aamue mwenyewe. Kura ya kuifuta hatuiungi mkono. Uwindaji upo huku Kusini, unaleta fedha na unaleta ugomvi, na maonesho ya Kusini yanayouficha yatakuwa yamepunguza ukweli.

Nimeona picha ya mtu na nguruwe pori mkubwa kama ng'ombe. Je, ni kompyuta? (Lindi)

Mara nyingi si kompyuta, ni umbali tu. Kitu kinachokuwa mara mbili mbali na kamera huonekana nusu ya ukubwa wake. Mpigapicha akichuchumaa mita 2 kutoka kwa mnyama, na mwindaji akakaa mita 2 nyuma ya mnyama, mwindaji yuko mita 4 kutoka kwenye kamera na ataonekana nusu ya alivyo. Mpigapicha huyohuyo akirudi nyuma hadi mita 10, bila kumsogeza mwindaji, mwindaji atapungua kwa sehemu moja ya sita tu. Watu huilaumu lenzi pana, lakini kazi yake ni kukuruhusu usogee karibu na bado kila kitu kiingie kwenye fremu. Simu nyingi zina lenzi ya namna hiyo, na zinaonesha vyote viwili waziwazi bila ukungu, kwa hiyo jicho halipati dalili ya umbali.

Kuitambua, tafuta mkono. Kama kiganja kimeshika pembe au sikio, linganisha ngumi na kichwa cha mnyama, kwa sababu hapo viko umbali mmoja. Kama mikono yote iko kwenye bunduki au magotini, angalia nyasi: zile zilizo kati ya mtu na mnyama zitaonekana fupi ghafla. Kwenye maonesho, picha ya namna hii ipokelewe kwa sharti kwamba maelezo yake hayatatamba kuhusu ukubwa.

Shikamooni. Nimepata kazi ya kupiga picha kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii kwa wiki mbili. Nimezoea harusi. Nijiandae vipi, na nikatae nini? (Liwale)

Marahaba. Kwanza usalama. Usimsogelee mnyama mpaka mwindaji bingwa, yaani yule anayeongoza uwindaji, aseme. Yeye humwendea kwa nyuma na kugusa jicho kwa ncha ya fimbo au mtutu. Jicho likipepesa, mnyama hajafa, na nyati aliyejeruhiwa huua watu. Kisha omba bunduki iondolewe risasi na chemba iachwe wazi. Mtutu usimwelekee mtu yeyote, hata kwa pozi.

Muda wako ni mfupi, dakika 15 hadi 20. Jua la Liwale halimsubiri mtu: nyama inaharibika, tumbo linajaa hewa, macho yanafifia na viungo vinaanza kukakamaa, na wachunaji wamesimama wanakungoja. Kwa hiyo beba vitu hivi kwenye gari tangu alfajiri: lita 5 za maji, matambara mawili, kisu cha kukatia nyasi. Mlaze mnyama kifudifudi, miguu ikunjwe chini yake, kichwa kiegemezwe kwenye gogo lisiloonekana. Futa damu puani na mdomoni, rudisha ulimi ndani na ufunge mdomo. Jeraha lielekee upande usio na kamera. Kata nyasi zilizo kati ya lenzi na mnyama tu. Za nyuma ziache, ndizo zinazoonesha ni pori la aina gani.

Kuna wanaosema kufuta damu ni kudanganya. Hatukubaliani nao, maadamu picha inaonesha wazi kwamba mnyama amewindwa. Ni heshima kwa mnyama na kwa mtazamaji. Udanganyifu ni kumsimamisha kichwa kwenye majani, ukamtoa mwindaji kwenye fremu, ukaiuza kama picha ya nyati aliyepumzika. Hiyo ikatae hata ukiongezewa malipo.

Mwanga: saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Nyati ni mweusi, naye akijaa kwenye fremu kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, matokeo yake anatoka kijivu na shati la mwindaji linaungua kwa mwanga na kuwa jeupe tupu. Punguza mwanga kwa hatua moja (−1). Uso ulio chini ya kofia utabaki kivulini. Usukume ukingo wa kofia juu kidogo, au washa flashi kwa nguvu ndogo. Piga ukiwa umepiga goti, kamera ikilingana na jicho la mnyama. Anayepiga akiwa amesimama humfanya mnyama aonekane kama gunia lililotupwa.

Mambo ya kukataa: mtu kumkalia mnyama au kumkanyaga, sigara au kofia mdomoni mwa mnyama, na vidole vya ushindi. Sema mapema, siku ya kwanza jioni, si pale porini mteja akiwa amejaa furaha. Wengi huelewa ukiwaambia kwamba picha hiyo itawafuata miaka kumi.

Na ombi letu: piga pia picha yenye wafuatilia nyayo na wachunaji, kwa ridhaa yao, na uandike majina yao kama wanavyotaka yaandikwe. Mtu ametembea kilomita nyingi akisoma nyasi na kinyesi, halafu kwenye albamu anaonekana kiwiko tu. Hilo linatuudhi kuliko damu.

Mkataba uwe wa maandishi, useme nani anaruhusiwa kuzitumia picha, wapi, na kama wewe unaweza kuzionesha.

Nilipiga picha za vijana wakiwinda panya wa shambani baada ya mavuno, nikazirusha mtandaoni. Watu wa mikoa mingine wamewacheka. Vijana wamenikasirikia. Nizifute? (Masasi)

Ongea nao kwanza, na wakisema futa, futa siku hiyohiyo. Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na ni busara iwe kwa maandishi au sauti iliyorekodiwa.

Wakikubali zibaki, ziwekee habari. Picha moja ya kijana ameninginiza panya kwa mkia humpa mcheshi wa mbali silaha. Picha sita zenye mpangilio zinafundisha: shamba lililovunwa, tundu na njia zake, namna wanavyoziba matundu ya kutorokea, jembe likichimba, panya wakichomwa manyoya na kupasuliwa, mwisho chakula mezani. Maelezo yataje kwamba ni panya wa mashambani wanaokula mazao, si wa majumbani wala jalalani. Sehemu ya maoni unaweza kuifunga. Hakuna sheria inayokulazimisha kuwapa wazomeaji jukwaa.

Rafiki yangu alimfunga kuku hai kwenye kamba ili apate picha ya tai akishuka. Picha ni kali mno. Tuishindanishe? (Newala)

Hapana. Kutega kwa kiumbe hai kunakatazwa waziwazi na tafsiri ile tuliyoieleza juu, inayotanguliza usalama wa kiumbe kuliko picha.

Je, picha za tembo zinaweza kuwasaidia majangili? Nazipiga karibu na Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule. (Nanyumbu)

Zinaweza. Simu huandika mahali ulipo ndani ya faili la picha. Zima ruhusa ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kutoka nyumbani. Kwa zilizopigwa tayari, ukituma WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo huondoka, ila ukituma kama dokumenti au kwa barua pepe hubaki. Hata bila taarifa hizo, jabali linalojulikana au kona ya mto Ruvuma nyuma ya tembo humtosha mwenyeji wa eneo. Andika "Kusini mwa Tanzania" tu, na usirushe siku hiyohiyo. Subiri wiki kadhaa.

Nikikuta mnyama amenaswa kwenye mtego wa waya naye kafa, napiga au naondoka? (Nachingwea)

Piga haraka, kisha ondoka. Aliyetega anaweza kuwa karibu. Picha tatu zinatosha: moja ya mbali inayoonesha mazingira na mti uliofungiwa waya, moja ya mnyama mzima, moja ya karibu ya fundo la waya, ukiweka sarafu ya shilingi 200 kando kama kipimo. Hapa sasa washa ruhusa ya mahali, kwa sababu askari watahitaji kufika. Usiguse mzoga, usichukue ngozi, pembe wala nyama. Hizo ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa hata kama si wewe uliyeua.

Peleka taarifa kwa askari wa wanyamapori wa kijiji, ofisi ya maliasili ya wilaya au TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Faili halisi usilihariri wala kulikata kingo. Tengeneza nakala, uhariri hiyo. Na usiitume kwenye kundi lolote mpaka askari wamekuambia wamemaliza, kwa sababu mwenye mtego naye ana simu.