Ukipewa kitambaa cha chalenji ya kwilti usikimbilie mkasi

Mi nilijiingiza kwenye chalenji ya bloku za kwilti (kwilti ni blanketi la viraka, bloku ni kipande kimoja cha mraba kinachoungwa na vingine kulitengeneza) kwa kiherehere tu, nilikuwa nimeshashona mablanketi mawili ya viraka basi nikajiona fundi. Utaratibu wenyewe hauna makuu, kila mshiriki anapewa kipande cha kitambaa kilekile, unaruhusiwa kuchanganya na vya kwako ila hicho ulichopewa lazima kionekane, na bloku itoke na inchi 12 na nusu kila upande ili ikishaunganishwa na za wenzako ibaki 12 kamili. Chetu kilikuwa rangi ya chungwa, maua makubwa kama kiganja, yaani ningekikuta sehemu ningepita kama sijakiona.

Sasa kwa vile sikukipenda nikaamua kukikatakata kidogokidogo kife hukohuko. Kilikuwa inchi 12 kwa 18, nikatoa kanda tatu za upana wa inchi 2 na nusu, humo nikapata viraba 18, yaani vipande vidogo vya mraba, nikapanga na 18 vyeupe vya kwangu, sita kwa sita. Nikashona usiku huohuo. Kupima, bloku imepungua karibu sentimita nzima!

Hapo ndipo nilipoielewa robo inchi. Mshono unatakiwa uache robo inchi pembeni, ni kama milimita 6 hivi, mi nilikuwa nazidisha kama milimita moja, na hiyo milimita moja inaliwa pande zote mbili za mshono, kwahiyo mishono mitano imekula milimita 10. Siku hizi kabla sijagusa kitambaa cha watu nachukua matambaa ya shuka kuukuu, naunganisha viraba vitatu vya inchi 2 na nusu, nikipiga pasi cha katikati kisipopima inchi 2 kamili narekebisha kwanza. Na pasi unaikandamiza halafu unainyanyua, usiiburute kama unanyoosha shati, hasa kama umekata mshazari, kitambaa kinavutika na hakirudi tena.

Nikafumua yote (naomba nisizungumzie ule usiku) nikashona upya, kipimo kikakaa sawa, ila bloku ilikuwa mbaya. Maua yamegeuka vipande vya petali, kitambaa hakitambuliki, na kutambulika ndiyo shabaha nzima ya mchezo. Kilichoniokoa ni masalia, nilikuwa nimebakiwa na ukanda wa inchi 4 na nusu kwa 18, na ndani yake kuna ua moja zima! Nikatoa viraba vinne vya katikati nikaweka kimoja kikubwa cha inchi 4 na nusu chenye ua lile, likaingia kama limezaliwa pale. Kwahiyo mchoro mkubwa uachie nafasi, vipande vidogovidogo waachie vitambaa vya vidoti.

Kuhusu rangi, kile cheupe changu kilifaa kwa bahati tu. Kupata uhakika panga vipande mezani, piga picha na simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Vikionekana vya kijivu kimoja mchoro wako hautaonekana hata rangi ziwe kali namna gani.

Wengi wanauliza kama wakifue kwanza. Mi nasema usikifue mpaka waandaaji waseme, maana vya wenzako havijafuliwa na kufua kunaweza kukipunguza, halafu blanketi likishaunganishwa, siku likija kufuliwa kila bloku itajikunja kivyake. Ukiogopa kisije kikachuja rangi, chukua kitambaa cheupe kilicholowa usugue kakona kamoja uone.

Na hayo masalia usiyatupe mpaka bloku yako iwe imeshapokelewa na kupimwa, mi ule ukanda niliuweka kwenye bahasha na vile viraba vinne ndani.