Akili isiyoonekana huchunguzwaje?

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba mkabala wa utambuzi hueleza tabia ya mtu kwa kutazama yanayopita akilini mwake. Je, jambo lisiloonekana linawezaje kuchunguzwa kisayansi?

JIBU: Ndugu msomaji, pingamizi hilo ndilo walilokuwa nalo wanasaikolojia wa mkabala wa kitabia, walioshikilia kwamba sayansi ishughulikie kichocheo (kinachomfikia mtu kutoka nje) na mwitikio (anachofanya kwa sababu yake) tu, kwa kuwa vyote viwili hupimika. Wafuasi wa utambuzi, waliopata nguvu kuanzia miaka ya 1950, hujibu kwamba kati ya viwili hivyo akili huzingatia, hufasiri, hukumbuka na kuamua, na kwamba kazi hiyo hubainika kutokana na matokeo yake.

Chukua jaribio la wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer la mwaka 1974, ambalo kwangu lina uzito kuliko nadharia nyingi. Watu waliotazama filamu za ajali za magari walikadiria kasi ya wastani wa takriban maili 41 kwa saa walipoulizwa kasi ya magari "yalipobamizana", lakini takriban 32 walipoulizwa "yalipogusana". Katika jaribio lao la pili, waliosikia neno zito walikuwa wepesi zaidi, wiki moja baadaye, kudai kwamba waliona vioo vilivyovunjika, ilhali havikuwapo. Kilichobadilika ni neno tu; hivyo tofauti ya majibu ilitoka ndani ya akili.

Kasoro ya mkabala wa utambuzi ni kupenda mno kuifananisha akili na kompyuta, ambayo, tukumbuke, haichoki wala haiogopi.