Jibu: Kuosha injini bila kuingiza maji
Mkuu, umeuliza uzibe wapi kabla ya kuosha injini. Kwanza iache ipoe kabisa, chomoa waya wa hasi kwenye betri. Funika alteneta (ile inayochaji betri), boksi la fyuzi na mdomo wa eya klina (kichujio cha hewa ya injini) kwa nailoni. Hapo kwenye eya klina usifanye mzaha, maji yakivutwa hadi kwenye silinda yanaweza kupinda konrodi, ile fimbo inayoshika pistoni.

Mashine ya presha achana nayo. Mimi hapa Ujiji nilimwachia kijana aipige injini kwa mashine hiyo. Vumbi jekundu lilitoka kweli, ila gari ikaondoka inamisi, yaani injini inakatakata. Kung'oa koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, vishimo vya plagi vimejaa maji! Tukapuliza kwa kompresa, ikatulia. Siku hizi ni brashi, sabuni kidogo na kitambaa kibichi.