Skrini inapendeza kwenye kompyuta, kwenye simu watu wanabonyeza pasipo penyewe

Mkuu, umeuliza utumie rangi gani ili watumiaji wa apu yako waache kubonyeza kitufe kisicho chenyewe. Rangi iache kwanza. Mimi nilishapoteza wiki nzima nikipima bluu mbili zinazofanana, kumbe shida ilikuwa nafasi.

Nilichora apu ya kuandikia kumbukumbu. Kwenye kompyuta, Hifadhi na Futa vilikaa bega kwa bega, vidogo, nadhifu kabisa. Ilipoingia kwenye simu za watu, malalamiko yakaanza: maandishi yangu yako wapi? Mimi nilikuwa naijaribu kwa kipanya. Watumiaji wangu walitumia dole gumba, mkono mmoja, wengine huku wanatembea. Miongozo ya Apple inataka eneo la kugusa la angalau pointi 44 kwa 44, ya Google dp 48 kwa 48, yaani karibu milimita 9 (pointi na dp ni vipimo vya ukubwa wa vitu kwenye skrini). Vyangu vilikuwa 28! Na hapo tunazungumzia eneo la kugusa, si mchoro. Aikoni yako ya 24 inaweza kubaki ilivyo, mradi nafasi tupu inayoizunguka nayo ipokee mguso.

Kwa ubishi wangu sikuvigusa vile vitufe. Nikaweka kidirisha: "Una uhakika?" Ndiyo, Hapana. Malalamiko yakapungua siku chache, kisha yakarudi yaleyale. Vidirisha vya namna hiyo hakuna anayevisoma, watu wanavifukuza kama nzi. Mwishowe nikahamishia Futa ndani ya menyu, na mtu akishafuta, chini ya skrini unatokea ujumbe: "Imefutwa", pembeni yake kitufe cha "Rudisha". Kelele zikaisha. Kumruhusu mtu ajutie kosa lake ni bora kuliko kumhoji kabla hajalifanya.

Maneno nayo yaliniumbua. Kazi nyingine niliuliza "Unataka kughairi agizo?", vitufe vikiwa "Ghairi" na "Sawa". Hebu niambie, kipi kinafuta agizo na kipi kinaliacha? Siku hizi naandika tendo lenyewe: "Futa agizo", "Liache".

Halafu usichore kwa maandishi ya kujazia nafasi tu, yasiyo na maana. Weka maneno yatakayotumika kweli, kisha nenda kwenye mipangilio ya simu ukuze herufi mpaka mwisho, maana wapo wengi wanaosoma hivyo kila siku. Kitufe changu cha "Thibitisha malipo" kilikatika kikabaki "Thibitisha mal…", na hapo ndipo pesa ya mtu inapotoka. Nani atabonyeza?

Kwa kuwa rangi umeiulizia: maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano wa mwangaza wa 4.5:1 au zaidi, makubwa 3:1, ndivyo inavyosema WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya kurasa zisomeke na watu wote. Kijivu hafifu juu ya nyeupe, ambacho sisi wabunifu tunakipenda mno, mara nyingi hakifiki. Na kosa usilionyeshe kwa wekundu peke yake. Wasiotofautisha nyekundu na kijani hawataliona, kwa hiyo ongeza maneno.

Leo fungua mchoro wako kwenye simu yenyewe, mpe mtu ambaye hajawahi kuuona, umwombe afanye jambo moja tu. Kisha nyamaza. Mimi hapo huwa nakalia mikono yangu, la sivyo kidole kinanitoka chenyewe kwenda kumwonyesha.