Je, "Wallahi" ya sokoni haihesabiwi?

SWALI: Assalaam aleikum sheikh. Mimi ni mjane, nauza samaki hapa Bagamoyo. Nanunua mnadani asubuhi, wanaobaki nawakaanga jioni. Wateja hawanunui mpaka niape, basi husema "Wallahi huyu nimemtwaa elfu nane" na mimi nimemtwaa elfu sita, au "Wallahi wa leo" naye kalala kwenye barafu. Mara nyingine naapa kwa haki ya marehemu mume wangu. Jirani kaniambia kamsikia mhadhiri akisema viapo vya sokoni ni laghwi, havihesabiwi. Tena niliapa sitakanyaga kwa dada yangu kwa sababu ya deni la kikoba. Nifanye nini?

JIBU: Wa aleikumus-salaam warahmatullah. Mama yangu, nimelitanguliza swali lako kwa kuwa kauli aliyokuletea jirani imeenea mwambao huu, na wanaoipokea hustarehe mahali ambapo hapafai kustarehewa.

Wenye kauli hiyo hutegemea aya ya 225 ya Suratul-Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu hatatushika kwa viapo vya upuuzi. Aya wameisoma nusu, kwani papo hapo inaendelea kusema kwamba atatushika kwa yale yaliyochumwa na nyoyo zetu, na katika Suratul-Maida, aya ya 89, kwa viapo tulivyoviazimia. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, katika riwaya aliyoipokea Imamu Bukhari, ameeleza kuwa aya ya laghwi imeteremka kwa mtu asemaye "hapana Wallahi", "ndiyo Wallahi" katika mazungumzo yake, na hapo ndipo aliposimama Imamu Shafii: laghwi ni kiapo kilichoponyoka ulimini bila moyo kukikusudia. Umeingia ndani ukitweta, ukasema "Wallahi leo kuna jua". Hicho hakikudai chochote.

Sasa tukitazame kiapo chako. Mteja amekwisha kufumba mkoba wake na kugeuza mguu, wewe moyoni una elfu sita, ulimini unaweka elfu nane, kisha unalitia jina la Mwenyezi Mungu juu yake, naye anarudi na kuufungua mkoba. Kiapo kilichomrudisha mnunuzi na kutoa fedha mfukoni mwake kinaitwaje upuuzi? Kingekuwa upuuzi usingekitamka, na yeye asingekingoja. Mhadhiri huyo, kama kweli alisema hivyo, atueleze pia Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiwaonya akina nani aliposema, katika Hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba kiapo huichuuza bidhaa na huifuta baraka. Na katika Hadithi ya Abu Dharr aliyoipokea Muslim, alipomtaja mwenye kuichuuza bidhaa yake kwa kiapo cha uongo miongoni mwa watatu ambao Mwenyezi Mungu hatawasemesha Siku ya Kiyama. Bidhaa huchuuzwa wapi kama si sokoni? Kuufanya uongo wa makusudi kuwa laghwi ni kuwatoa wachuuzi katika onyo lililowalenga wao hasa. Kiapo cha namna hiyo wanazuoni wanakiita ghamusi, nacho kimo katika madhambi makubwa.

Hata hivyo sitaki mzigo wote ukae kichwani mwako. Mnunuzi anayesema "apa kwanza" ana sehemu yake, na sisi wenyeji wa mji wenye misikiti na madrasa kila mtaa tumefika mahali ambapo nauli ya bodaboda haisadikiwi mpaka Mwenyezi Mungu atajwe. Watoto wanagombania gololi na kuapishana kwa Msahafu. Neno tupu la Mwislamu limekosa thamani kwa Mwislamu mwenziwe, kwa hiyo kila mmoja hutafuta dhamana kubwa zaidi, na dhamana kubwa kuliko zote tumeigeuza chenji ya sokoni.

Akikuuliza kama samaki ni wa leo, mfunulie shavu ayaone matamvua, mwache abonyeze nyama kwa kidole chake. Yule wa barafu mwambie ni wa barafu na umpunguzie. Bei uliyonunulia hulazimiki kuitaja. Sema "bei yangu elfu kumi" ukomee hapo, maana faida ni halali yako na mjane mwenye wana ana haki ya kuitafuta. Wapo watakaokwenda meza ya pili, silifichi hilo.

Kwa yaliyopita, tubu. Uliyemuuzia kwa mapatano kwamba akupe mtaji wako na faida maalumu juu yake, naye unamjua, mrudishie ulichozidisha; usiyemjua, toa sadaka kwa niaba yake kadiri unavyoweza. Ama kafara, yaani fidia ya kiapo, Imamu Shafii anaiwajibisha kwa ghamusi pamoja na toba, na maimamu watatu, Abu Hanifa, Malik na Ahmad, kwa kauli mashuhuri yao, wanaona dhambi hiyo ni kubwa kuliko kufutwa kwa kafara, bali ni toba tu. Viapo unavyovikumbuka vitolee kafara. Visivyohesabika kwa miaka, sioni vibaya mtu wa hali yako akifuata kauli ya hao watatu.

Haki ya marehemu si kiapo cha kisheria na haina kafara, lakini iache, kwa kuwa Mtume amesema anayetaka kuapa aape kwa Mwenyezi Mungu au anyamaze. Marehemu muombee dua, usimtie katika bei ya samaki.

La dada yako ndilo lililonisumbua zaidi. Kiapo hicho ulikikusudia, kwa hiyo kimefunga, na papo hapo ni wajibu wako kukivunja, kwani aya ya 224, iliyo kabla tu ya hiyo ya laghwi, inatukataza kulifanya jina la Mwenyezi Mungu kizuizi cha kutenda wema na kusuluhisha watu, na kukata udugu ni haramu hata deni likiwa la kweli. Deni mdai, udugu usiukate. Kafara yake ni kuwalisha masikini kumi, kila mmoja kibaba cha mchele. Ukitoa robo tatu ya kilo kwa kila mmoja umejitosheleza, nayo jumla ni kilo saba na nusu. Usitoe fedha badala yake. Ukiwa huna, funga siku tatu, si lazima zifuatane. Mchele unaruhusiwa kuutoa kabla hujavunja kiapo, lakini saumu haitangulii, kwa hiyo kama utafunga, nenda kwanza kwa dada yako, tena usingoje akuite.

Wallahu a'lam.