Flashi imenikosa mara tano, ya sita si lazima ije?

SWALI: Mwalimu, salaam. Mimi na wenzangu wanne tunajifunza poka ya Texas Hold'em jioni hapa Majengo, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Mpangilio wa karata nimeushika. Dau ndilo linalonitatiza. Juzi nilikuwa na kopa mbili mkononi, na katika tatu za kwanza mezani mbili zikawa kopa. Kitita, yaani pesa zote zilizowekwa mezani, kilikuwa shilingi 600, mwenzangu akaweka 300. Usiku huo flashi, yaani karata tano za aina moja, ilikuwa imenikosa mara tano, nikajua ya sita haiwezi kukosa. Nikafuata, yaani nikaweka 300 kama yeye. Karata ya nne haikuwa kopa. Akaweka 1,200, nikafuata tena, na ya tano pia ikakosa. Kuna jamaa anauza mfumo wake kwa shilingi 1,500. Anasema ukiwa na nne za aina moja fuata kila dau, kwa sababu una asilimia 35. Niununue? Na pesa zikiniishia katikati ya mkono, yaani mgao mmoja haujaisha, ndiyo nimeshindwa?
Msomaji, Majengo

JIBU: Usinunue. La pesa kuisha nitalijibu, lakini kwanza hili la "ya sita haiwezi kukosa", maana ndilo linaloniuma. Nimegawa karata kasinoni hapa mwambao kwa miaka mingi na maneno hayo nimeyasikia karibu kila wiki. Mtu yuko mbele yangu, kopa zimemkosa, basi anaamini karata zina deni naye.

Siku moja tazama mikono ya mgawaji. Mkono ukiisha, karata zote 52 zinarudi. Nazimwaga kifudifudi juu ya kitambaa, nazivuruga kwa viganja viwili kama mtu anayechambua mchele kwenye sinia, nazikusanya, nazichanganya, nazikata, kisha naweka kipande cha plastiki chini ili ya mwisho isionekane. Baada ya hapo hakuna karata inayojua nani alikosa nini. Hata ile ninayoitoa kifudifudi kabla ya kufunua za mezani, ambayo watu hunilalamikia kwamba "ndiyo ilikuwa yangu", haibadilishi hesabu. Hujaiona, kwa hiyo kwako ni sawasawa na iliyolala chini kabisa.

Hesabu yako ni hii. Kopa ni 13, nne unaziona, 9 zimebaki. Karata usizoziona ni 47. Nafasi ya kopa kuja kwenye karata ya nne ni 9 kwa 47, asilimia 19 na ushei. Ikikosa, ya tano ni 9 kwa 46, karibu asilimia 20. Ilikuwa hivyo mara ya kwanza ulipokosa, na itakuwa hivyo mara ya mia.

Dau ni bei ya nafasi hiyo. Mwenzako alipoweka 300 juu ya 600, ulitakiwa utoe 300 ili kitita kifike 1,200. Umelipa robo ya kitita kwa nafasi isiyofika hata moja kwa tano. Hapo bado naweza kukutetea: kopa ikija, huenda akakulipa zaidi mbele, kwa hiyo si kosa kubwa. Kosa ni la pili. Alipoweka 1,200 juu ya 1,200 ulilipa theluthi ya kitita kwa nafasi ileile. Chukua mikono 46 ya namna hiyo. Mara 9 unapata 2,400, jumla 21,600. Mara 37 unapoteza 1,200, jumla 44,400. Pengo ni 22,800, yaani karibu shilingi 500 kila unapofuata. Na hapo nimekukubalia kwamba flashi yako ikija inashinda daima, ilhali anaweza kuwapo mtu kimya pale mwenye kopa kubwa kuliko zako.

Lau angeweka 200 tu juu ya ile 1,200? Mara 9 unapata 1,400, ni 12,600. Mara 37 unatoa 200, ni 7,400. Faida 5,200. Karata ni zilezile, wenzako ni walewale, lakini jibu limegeuka kwa sababu bei imegeuka. Kwa hiyo anayekuambia "fuata kila dau" hajakufundisha dau hata kidogo. Amekutoa kwenye kitu pekee kilichokuwa mikononi mwako.

Ile asilimia 35 si uongo, na ndiyo maana inauzika. Ni nafasi ya kopa kuja katika karata mbili zilizobaki kwa pamoja. Inakufaa pale tu ambapo dau moja litakuonyesha zote mbili, kwa mfano umeshaweka kila ulicho nacho na hakuna awezaye kukudai tena. Wewe ulilipia ya nne, kisha ukadaiwa upya kwa ya tano.

Na hilo ndilo jibu la swali lako la pili: pesa zikiisha hushindwi. Unacheza na zilizokuwa mbele yako mkono ulipoanza, basi. Tuseme una 400 na wenzako wawili wana 1,000 kila mmoja, na wote mmeweka zote. Kitita kikuu kinachukua 400 za kila mtu, yaani 1,200, na hicho wewe umo. Zile 600 za kila mmoja wao zinakuwa kitita cha pembeni, 1,200 nyingine, wanachogombania wao wawili. Hakuna kukimbilia M-Pesa katikati ya mkono wala kuweka simu mezani. Mwenzenu akitaka kulazimisha hivyo, mkatalieni.

Hawa wauza mifumo nimewachoka. Alinijia kijana mmoja na daftari la kurasa 80, kila kopa iliyokuja imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kila iliyokosa kwa nyeusi, miezi minne. Alikuwa ameuziwa mfumo wa kuongeza dau maradufu kila anapokosa. Anza na 100, kosa mara saba, na ya nane inakudai 12,800 baada ya kupoteza 12,700. Alipofika hapo alikopa kwa simu. Nilikaa naye kwa muuza kahawa hadi kikombe kikapoa, na bado alikuwa ananiuliza kosa liko ukurasa gani. Aliyemuuzia alikuwa ameshafunga laini. Ukisikia "mfumo", uliza swali moja: unazingatia bei ya dau na ukubwa wa kitita? Usipozingatia, ni ramli. Na mtu akikupeleka kwenye poka ya karata tatu, ambapo unashindana na nyumba, yaani kasino, wala si wenzako, jua malipo yamepangwa ili mwishowe nyumba ibaki na sehemu yake, mfumo uwe nao usiwe nao.

Ninyi bado mnajifunza, kwa hiyo ondoeni shilingi mezani. Wengi wetu hapa dini inatukataza kamari, nami siwezi kumshawishi mtu. Chezeni kwa komwe za bao, 50 kila mmoja, dau litafundisha vilevile. Na jaribu hili peke yako. Weka kopa mbili mbele yako, kopa mbili na karata moja ya aina nyingine katikati. Changanya zile 47, funua ya juu, andika, irudishe, changanya tena. Fanya mara mia. Kila ulipokosa mara tano mfululizo, zungushia duara iliyofuata. Kisha zihesabu zile za duara peke yake, uone ngapi ni kopa.